Kiti cha gari na kigari cha mtoto mchanga: anza na gari lako na ngazi zako

Mkuu, hongera kwanza, na mama aendelee kutunzwa vizuri hadi siku ifike. Umeuliza kama laki sita ziende kwenye seti ya "tatu kwa moja", yaani fremu, kitanda cha kubebea na kiti cha gari vinavyobadilishana juu ya magurudumu yaleyale. Mnakaa ghorofa ya tatu Sinza, hakuna lifti, gari ni Passo, na shemeji yako Uingereza ameahidi kutuma kiti alichotumia kwa wanawe. Waliotangulia wamekujibu kuhusu rangi, tairi na kibanda cha jua. Mimi nimelea wawili hapahapa Dar na nimewasaidia ndugu kadhaa kuchagua vitu hivi, na kila mara naanza na kiti cha gari. Hicho ndicho kinachobeba uhai, vilivyobaki vinabeba mzigo.

Seti nyingi zinazouzwa bei ya chini huwa na fremu nzuri na kitanda kizuri, halafu kile kinachoitwa kiti cha gari ni kikapu cha kubebea tu. Kigeuze ukiwa dukani. Kiti halisi kina mahali palipochongwa pa kupitisha mkanda wa gari, mara nyingi pamewekwa alama ya bluu, na ubavuni au mgongoni kina michoro inayoonyesha mkanda unavyopita. Kina pia lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyokiidhinisha. Kwenye lebo hiyo tafuta moja kati ya maandishi mawili, ambayo ni majina ya viwango vya usalama wa viti vya watoto: ECE R44/04 au UN R129. Kile cha R44 kinapangwa kwa uzito, na kundi la mtoto mchanga ni 0+, kuanzia kuzaliwa hadi kilo 13. R129, ambayo wengi wanaijua kwa jina la i-Size, ilianza 2013. Inapanga kwa urefu wa mtoto, inapima pia ajali ya kugongwa ubavuni, na inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15. Umoja wa Ulaya ulisitisha uuzaji wa viti vipya vya R44 Septemba 2024, kwa hiyo usishangae ukikutana navyo kwa bei nafuu. Vilivyo vizima bado vinafaa, lakini ukipata R129 kwa tofauti ndogo ya pesa, chukua R129.

Kiti cha Marekani hakina lebo ya chungwa. Kina maandishi ya Kiingereza yanayosema kinatimiza viwango vyote vya shirikisho vya usalama wa magari, na kina klipu ya kifuani ambayo inatakiwa ikae usawa wa kwapa. Hicho nacho ni kiti cha kweli. Kisicho na lebo ya aina yoyote kiache hapohapo, hata kama muuzaji anaapa kwamba ndicho kinachotoka sana.

Kwa nini atazame nyuma? Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na shingo bado ni laini. Gari likigonga mbele, mtoto anayetazama mbele anarushwa kichwa huku mwili umeshikwa. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti unapokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Na kiti hicho hakikai kamwe siti ya mbele yenye eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) inayofanya kazi, maana ikifumuka inakipiga kiti mgongoni, pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Kikae nyuma. Kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, ningekiweka siti ya nyuma upande wa kushoto: ukisimama kando ya barabara unamtoa mtoto ukiwa ukingoni, si katikati ya bodaboda.

Sasa hapa ndipo ninapokuomba usiwe na haraka. Nenda dukani na gari lako. Nilipokuwa natafuta kiti cha mtoto wa kwanza tulikuwa na Raum, na nilimwomba muuzaji anisindikize hadi kwenye maegesho na viti viwili. Kile cha bei kubwa kilikuwa kizuri kwa macho, lakini mkanda wa gari haukufika: ukiuzungusha mgongoni mwake unaishia kabla ya bizimu. Cha pili, cha bei ndogo zaidi, kilikaa kama kimetengenezwa kwa ajili ya gari lile. Kiti hichohicho kwenye Noah ya dada yangu kikawa na tatizo jingine, bizimu lilikuwa kwenye shina refu hivyo likawa linalalia plastiki ya kiti. Bizimu likilalia kona ya plastiki linaweza kuvunjika au kufunguka kwa kishindo. Huwezi kuyajua haya kwa kusoma boksi.

Ukishakifunga, kishike pale mkanda unapopitia ukisukume kulia na kushoto. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, kifunge upya au jaribu kingine. Angalia na mlalo: viti vingi vina mstari ubavuni unaotakiwa kuwa sambamba na ardhi, na gari liwe limesimama pasipo mteremko. Kikisimama wima sana, kichwa cha mtoto kinaanguka mbele. Siti ya katikati ya magari mengi ya zamani ina mkanda wa kiunoni tu, nao hautoshi kwa viti vinavyotaka mkanda wa kiunoni na begani. Kuhusu ISOFIX, yaani vyuma vya gari vya kunasia kiti cha mtoto bila kutumia mkanda, ingiza vidole kwenye mfereji ulio kati ya kalio na mgongo wa siti ya nyuma. Ukigusa vyuma viwili vyenye umbo la U kila upande, unazo. Usipozigusa, usilipie kitako cha ISOFIX, yaani kile kipande cha chini ambacho kiti kinabanwa juu yake.

Hata ukizigusa, ningekushauri uchague kiti kinachoweza kufungwa kwa mkanda wa gari bila kitako. Kuna siku Passo itakuwa gereji na utaita teksi. Viti vingine vya kisasa vinakubali kitako tu, na ukiwa kwenye gari la mtu vinakuwa mzigo wa mkononi. Unapoita gari kwa simu, muulize dereva kabla hajafika kama mikanda ya nyuma ipo na inafanya kazi, maana kwingine imefukiwa chini ya vitambaa vya siti. Kwenye bajaji na daladala hakuna namna ya kukifunga. Ndiyo maana siku ya kutoka hospitali na siku za kliniki ningezipangia gari lenye mikanda mapema kabisa, kama mnavyopanga nguo za mtoto.

Mtoto akishakaa kitini, mikanda ya mabega itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo, na ikazwe mpaka usiweze kuubana utepe kwa vidole viwili pale begani. Bibi zetu wanapenda kumzungushia mtoto khanga na shali kabla ya kumfunga, na nia yao ni njema. Mfunge kwanza akiwa na nguo nyepesi, halafu khanga imfunike juu ya mikanda. Mito ya kichwa inayouzwa pembeni usinunue. Tumia ile tu iliyokuja na kiti. Kama mtoto atazaliwa njiti au na uzito mdogo, soma uzito au urefu wa chini ulioandikwa kwenye lebo na mwulize daktari kabla hamjaruhusiwa.

Kidevu kisigusane na kifua. Nalisisitiza hili kwa sababu foleni zetu ni ndefu. Mtoto mchanga aliyejikunja kitini anaweza kubanwa njia ya hewa bila kulia wala kutoa ishara. Ushauri unaotolewa sana ni asizidi saa mbili kitini kwa mara moja, na wiki za mwanzo iwe karibu nusu saa tu, na mtu mzima akae naye nyuma amwangalie. Mkienda Kibaha kusalimia wazee, simameni, mtoeni, anyonye, anyooke.

Na hilo ndilo linaloamua aina ya kigari. Picha za matangazo zinaonyesha kiti cha gari kimebanwa juu ya fremu na mtoto amelala fofofo huku mama anafanya manunuzi. Kwa kumtoa kwenye gari hadi mapokezi ya hospitali, sawa. Kwa matembezi na kwa usingizi, mchanga anahitaji kulala chali na mgongo umenyooka, kwa hiyo unahitaji ama kitanda cha kubebea au kigari ambacho mgongo wake unashuka hadi bapa kabisa. Kitanda kinatumika mpaka takriban miezi sita, au mtoto anapoanza kujiinua, halafu kinawekwa stoo. Kwa nyumba yenu ningechagua kigari cha mgongo unaoshuka, kitatumika hadi atembee.

Ngazi zenu zinanipa wasiwasi kuliko tairi. Kiti cha gari kitupu kina kama kilo tatu hadi tano, ongeza mtoto. Mama akijifungua kwa upasuaji, kwa wiki kadhaa anaambiwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake mwenyewe, na kiti chenye mtoto ndani kinapita hapo. Kwa hiyo kiti kiachwe kimefungwa garini na mtoto apandishwe mikononi. Fremu nayo ilale kwenye buti, badala ya kuipandisha ghorofa ya tatu kila jioni. Pima buti la Passo kwa futi, pima na fremu iliyokunjwa, maana nyingine haziingii mpaka utoe magurudumu. Ikunje na uikunjue wewe mwenyewe dukani, kisha mkeo naye ajaribu, kwa mkono mmoja. Kaza breki halafu sukuma. Mikanda ya mtoto iwe ya ncha tano, yaani mabegani, nyongani na katikati ya miguu. Magurudumu madogo ya plastiki yatazama kwenye mchanga wa mtaani, ila sakafu za maduka, kanisa na hospitali yanazimudu. Makubwa ya hewa yanapita kwenye mashimo lakini yanakula buti lote. Kwenu ningechukua ya kati, ya mpira mgumu, yenye springi mbele. Na mifuko ya sokoni msitundike kwenye mshikio, kigari kitapinduka mtoto akitolewa.

Kiti cha shemeji kipokee kwa sababu unaweza kumwuliza. Kimewahi kupata ajali? Kilinunuliwa lini, na kikiwa kipya? Maelekezo yapo? Chini ya plastiki kuna duara dogo lenye mshale linaloonyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na watengenezaji wengi huweka ukomo kati ya miaka sita na kumi. Mwambie apige picha ya duara hilo na ya lebo kabla hajalipia mzigo. Kiti cha mtumba cha mtu usiyemjua usinunue hata kikiwa kinang'aa, kwa sababu ufa wa ndani ya plastiki hauonekani. Kigari cha mtumba hakina shida, kagua breki na viungo, fua vitambaa, anika.

Kuhusu joto: gari likisimama juani, bizimu la kiti linaweza kumchoma mtoto. Mkiegesha, kifunikeni kiti kwa khanga nyeupe, na mguse bizimu kwa mkono kabla ya kumweka. Kwenye kigari fanyeni kinyume: msifunike kibanda kwa khanga wala shuka, hewa ya ndani inapanda joto haraka. Chandarua cha kigari kinatosha kwa mbu na kinapitisha hewa.

Kwa hiyo kama kiti cha shemeji kitakuwa na lebo, tarehe na historia safi, na kikakaa vizuri kwenye Passo, usinunue seti. Nunua kigari peke yake. Kama sivyo, tenga sehemu kubwa ya hizo laki sita kwa kiti, na kigari kitafutwe mtumba. Uliza pia kama fremu ina adapta ya kiti chako, kwa kuwa viti havibani kwenye kila fremu. Weka hapa picha ya lebo, ya mfereji wa siti ya nyuma na vipimo vya buti, nitazipitia leo usiku mtoto mdogo akilala.