Kabla hujanunua chombo kipya cha kahawa, angalia unavyosaga

Kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kahawa ilikuwa kazi ya babu. Baada ya sala ya alasiri alikaanga buni, akazitwanga kinuni pamoja na tangawizi kavu mpaka zikawa laini kama unga wa dengu, kisha akateleka dele kwenye makaa. Nimekua nikiamini kwamba kahawa yoyote lazima isagwe hivyo.

Kwa hiyo niliponunua birika la kubonyeza, lile la kioo lenye chujio la waya linalosukumwa chini, nilitia unga uleule wa dele. Chujio likagoma kushuka. Nilipolilazimisha, maji ya moto yaliniruka mkononi, na kahawa yenyewe ikawa chungu na nzito kwa mashapo. Nikaona nimepoteza fedha, nikalifungia kabatini.

Kosa halikuwa la birika. Unga laini hutoa ladha yake upesi, na ukikaa majini muda mrefu hutoa uchungu mwingi. Tena huziba matundu ya waya. Birika hili linataka kahawa ya chengachenga, mfano wa chumvi ya mawe. Mimi hutia gramu 30 kwa nusu lita ya maji, nikangoja dakika 4, ndipo nikabonyeza taratibu. Mara ya kwanza kuifanya hivyo, nilionja utamu wa arabika ya Kilimanjaro ambao sikuwahi kuujua, bila sukari.

Na maji je? Huku pwani yanachemka kwenye nyuzi 100, moto mkali mno kwa kahawa ya namna hii, basi epua usubiri kama dakika moja. Shangazi yangu wa Lushoto hana haja ya kungoja: kule juu, karibu mita 1,400, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, naye humimina papo hapo.

Kahawa ya kuchuja ndiyo nyepesi kuliko zote, na ndiyo ninayompa mama asiyependa mashapo. Karatasi ya kuchujia ilianzia Ujerumani mwaka 1908, Melitta Bentz alipotumia karatasi ya kukaushia wino ya daftari la mwanawe. Mimi nashona mfuko wa bafta. Ufue kwa maji ya moto matupu, usiutie sabuni kamwe, maana harufu haitoki. Usagaji wake uwe wa kati, kama mchanga.

Moka, kile chombo cha Kitaliano cha kuweka jikoni, kinataka unga laini kiasi, lakini usiushindilie. Moto uwe mdogo. Ukisikia kinaanza kukoroma, epua. Kahawa yake ni kali, na ukipenda ya maziwa hakuna inayoifikia.

Sasa nirudi kwenye dele, kwa sababu nimeona vijana wakilidharau kwamba linaunguza kahawa. Sikubaliani nao. Uchungu wa dele umekusudiwa: kahawa inachemka kwa muda, tangawizi inaupa ukali wake, na kashata mkononi inaujibu. Vikombe ni vidogo kwa sababu hiyo. Unga ule laini wa babu ulikuwa sahihi kabisa kwa dele, kwani ukiachwa utulie hushuka wote chini. Ukiwa na wageni barazani, usihangaike na kingine.

Kama fedha yako ni ya kitu kimoja tu, nunua mashine ya kusagia ya mkono inayorekebishika, uitumie na sufuria uliyonayo na kitambaa. Buni zilizokaangwa nunua robo kilo robo kilo, uzifungie kwenye kopo lisiloingiza hewa, mbali na jiko. Unyevu wa bahari yetu huharibu kahawa upesi, na iliyokwisha sagwa ndiyo hutangulia kupoteza harufu. Kwa hiyo saga ya birika moja, uipike palepale.