Kuhamia Texas na gari la Iowa lenye taa ya injini: watakagua nini, nini hawaangalii

Mkuu, umeuliza hivi: unahama Des Moines kwenda Fort Worth na Corolla yako ya 2012, taa ya injini inawaka, binamu yako wa Virginia anakutisha kwamba gari hukataliwa hata kwa waipa, na rafiki yako wa Houston anakwambia Texas walishafuta ukaguzi. Nimeishi kaskazini mwa Virginia kabla ya kushukia huku Tarrant, kaunti ya Fort Worth, na nimepitisha magari kote kuwili. Binamu yuko sahihi kwa kwake. Huyo wa Houston amekupa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo inayokuhusu wewe.

Marekani haina ukaguzi mmoja wa nchi nzima. Ukaguzi wa usalama, yaani breki, matairi, taa na usukani, huamuliwa na jimbo. Zamani Washington ilikuwa ikiyabana majimbo kwa fedha za barabara, lakini mwaka 1976 Bunge la shirikisho lilipolegeza kamba, majimbo yakaanza kujitoa moja baada ya jingine. New Jersey iliacha kukagua usalama wa magari madogo ya binafsi mwaka 2010. Texas imefuata tarehe 1 Januari 2025.

Moshi una sheria yake. Marekebisho ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1990 yanalazimisha maeneo yenye hewa chafu zaidi kupima magari, kwa hiyo mipaka hufuata kaunti. Ohio, wakazi wa Cleveland wanapimwa moshi na wa Columbus hawapimwi, jimbo hilohilo moja. Iowa haina kipimo cha usalama wala cha moshi, ndiyo maana taa yako imewaka muda wote huo na hakuna aliyekuuliza.

Sasa Texas. Kilichofutwa ni ukaguzi wa usalama kwa magari ya binafsi. Kipimo cha moshi kimebaki katika kaunti 17, zikiwemo Tarrant, Dallas, Denton, Collin, Harris yenyewe ya huyo rafiki yako wa Houston, Travis na El Paso. Bexar, yaani San Antonio, imepangiwa kuanza 2026. Wanapima magari ya petroli yenye umri wa miaka 2 hadi 24, kila mwaka, na Corolla yako imo. Anwani yako ndiyo inayoamua: ukipanga nyumba Decatur, kaunti ya Wise, jirani kabisa na Tarrant, hupimwi. Na ile ada ya dola 7.50 ya ukaguzi wa usalama? Bado unailipa wakati wa kusajili gari. Ukaguzi umekufa, ada iko hai.

Virginia ni dunia nyingine. Kila mwaka unaingiza gari kituoni, fundi anafungua magurudumu, anapima unene wa pedi za breki, anajaribu honi, anawasha indiketa moja moja, anapima giza la tinti kwenye vioo. Tairi lazima liwe na kina kisichopungua sehemu 2 kwa 32 za inchi. Ukitaka kujipima mwenyewe nyumbani, chomeka sarafu ya senti moja kwenye mfereji wa tairi, kichwa cha Lincoln kikiwa chini. Ukikiona chote, tairi limekwisha. Ukishindwa wanakubandikia stika ya kukataliwa kwenye kioo na una siku 15 za kurekebisha. Ukikaa Fairfax au Arlington unaongezewa kipimo cha moshi kila miaka miwili, wakati ndugu wa Richmond hakijui. Wale tuliozoea kule Tanzania kununua stika ya wiki ya Nenda kwa Usalama na kuendelea na safari, mara ya kwanza tunashangaa.

Halafu kuna Maine, waliko ndugu zetu wengi wa Kongo pale Portland na Lewiston. Huko kinachoua magari ni kutu, kwa sababu ya chumvi wanayomwaga barabarani majira ya baridi. Gari likipandishwa juu, fundi anagongagonga chini ya milango na kwenye chesi. Chuma kikitoboka, hupiti. Nalitaja hili kwa sababu Iowa nako wanamwaga chumvi, na Texas hakuna tena atakayelala chini ya gari lako kwa amri ya sheria. Mlipe fundi unayemwamini aliinue aangalie mabomba ya breki na chesi kabla hujaendesha umbali wote huo na familia ndani.

Turudi kwenye taa yako, maana hiyo ndiyo itakayokukwamisha. Kwa gari la 1996 kuja juu, kipimo cha Texas ni kuchomeka waya kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kusoma kompyuta ya gari. Taa ikiwaka, umeshindwa. Gharama katika kaunti zetu za Dallas na Fort Worth haizidi dola 18.50.

Watu wanakimbilia kumwambia fundi afute kwa mashine kosa lililohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, au wanachomoa betri. Jirani yangu mmoja alifanyiwa hivyo kwenye gereji, akaambiwa nenda moja kwa moja kituoni. Taa ilikuwa imezima kweli, na bado akarudishwa. Ukifuta kosa unafuta pia matokeo ya majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe: masega ya ekzosi (kile kifaa cha kusafisha moshi), sensa za oksijeni, mvuke wa tanki. Kwa gari la 2001 na kuendelea, jaribio moja tu ndilo linaruhusiwa kuwa halijakamilika. Mengine yanataka siku kadhaa za kuendesha kawaida: kuwasha injini ikiwa imepoa, barabara kuu kwa mwendo uliotulia, foleni za mjini, na tanki liwe kati ya robo na robo tatu. Kwa hiyo tengeneza huko Iowa, futa, halafu safari yenyewe ikufanyie sehemu ya kazi.

Kabla ya kununua chochote, soma namba ya kosa. P0457 mara nyingi ni kifuniko cha tanki kilicholegea. P0420 ni habari za masega, japo ekzosi inayovuja nayo huleta namba hiyo. Na ukisikia kuna mtu atachomeka waya kwenye gari jingine akupe cheti, kaa mbali. Mashine husoma pia namba ya chasi kutoka kwenye kompyuta ya gari, na ni kosa la jinai.

Ukishahamia una siku 30 za kusajili gari. Anza na bima ya Texas, halafu kipimo cha moshi, kisha ofisi ya kodi ya kaunti ukiwa na hati ya umiliki, kitambulisho na fomu 130-U ya kuomba hati na usajili wa Texas. Kwa kuwa gari lilikuwa limesajiliwa Iowa kwa jina lako, utalipa dola 90 za mkazi mpya badala ya kodi ya mauzo. Ukikataliwa kwenye kipimo, rudi kituo kilekile ndani ya siku 15, kurudia ni bure. Ukikwama, weka hapa namba ya kosa. Picha ya taa peke yake haitusaidii.