Umetabiriwa uache kazi: kupima unabii si kuasi

Mleta mada, Bwana asifiwe.

Kwa walioingia sasa: ametabiriwa ibadani kwamba aache kazi aingie kwenye huduma. Moyo wake haujatulia, na kiongozi amemwambia kuchelewa kutii ni kuasi kama Sauli. Anauliza atajuaje kama ni Mungu amesema.

Tuanze na huyo Sauli, maana anatumika vibaya sana. Katika 1 Samweli 15 Sauli hakuwa anapima neno. Alikuwa na agizo lililo wazi, alilielewa, akalitekeleza nusu: akamwacha hai mfalme Agagi na kondoo walionona, kisha akajitetea kwamba ni kwa ajili ya dhabihu. "Kutii ni bora kuliko dhabihu" aliambiwa mtu wa namna hiyo. Wewe bado hujajua kama agizo limetoka kwa Bwana, na mtu aliye hapo naye ana amri yake: "msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema" (1 Wathesalonike 5:20-21). Anayekukataza kupima anakutaka uvunje andiko ili utimize unabii.

Soma 1 Wafalme 13 yote, taratibu. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alitumwa Betheli na masharti matatu: asile mkate, asinywe maji, asirudi kwa njia aliyoijia. Mfalme Yeroboamu alimwalika nyumbani, akakataa. Kisha nabii mzee wa mji ule akamfuata, akamwambia kwamba naye ni nabii, na malaika ameagiza arudishwe ale kwake. Akarudi, akala. Maandiko yanasema waziwazi kwamba mzee alimdanganya, na aliyeuawa na simba njiani ni yule aliyedanganywa. Inatisha, lakini ndivyo ilivyoandikwa. Cheo cha mtumishi na maneno "malaika amesema nami" havikumwondolea mgeni yule wajibu wa kushika alichoambiwa mwenyewe. Shakahola, kule Kilifi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 inayohusishwa na mafundisho ya kufunga mpaka kufa. Kwa hiyo tunapokuambia upime, hatukufundishi ukaidi.

Sasa namna ya kupima. Chukua daftari uandike maneno ya unabii kama yalivyotamkwa, tarehe, aliyesema na waliokuwepo. Kama ibada ilirekodiwa, sikiliza rekodi. Baada ya wiki mbili watu wengi hawakumbuki tena unabii, wanakumbuka tafsiri yake. Tazama Matendo 21: Agabo alisema Paulo atafungwa Yerusalemu. Waliosikia wakahitimisha kwamba asiende. Paulo alisikia neno hilo hilo, akaenda, na hakuasi. Kwa hiyo andika unabii ukurasa mmoja, na yale ambayo wewe au kiongozi mmeyaongeza ukurasa wa pili. "Bwana atakutumia kwa mataifa" ni jambo moja, "peleka barua ya kuacha kazi mwezi huu" ni jambo jingine. Mara nyingi sana hilo la pili halikutamkwa na mtu yeyote ibadani.

Kisha upime moyo wako, na hapa ndipo wengi tunapoanguka. Katika Yeremia 42 mabaki ya Yuda walimwomba nabii awaulizie kwa Bwana, wakaapa kutii jibu liwe jema au baya. Jibu lilikuja baada ya siku kumi: kaeni hapa, msiende Misri. Wakamwita Yeremia mwongo, wakaenda Misri. Rudi nyuma kidogo, 41:17, utaona kwamba kabla ya kuuliza walikuwa wamekwisha kupiga kambi karibu na Bethlehemu, safari ya Misri ikiwa tayari. Walitaka mhuri tu. Jiulize kwa ukweli: Mungu akisema baki kazini miaka mitano zaidi, utakubali? Akisema toka, utatoka? Kama upande mmoja umekwisha kuufunga, usianze kuomba uongozi. Anza kuombea upande huo ufunguke.

George Müller, yule wa nyumba za yatima Bristol, Uingereza, aliliweka hilo kuwa la kwanza: moyo usiwe na matakwa yake katika jambo linaloulizwa. Oktoba 1845 jirani alimwandikia barua ya heshima akilalamikia usumbufu wa yatima katika mtaa wa Wilson. Müller hakungoja ndoto. Aliomba, akaandika sababu za kuhama na za kutohama, akalipeleka jambo kwa ndugu wanane aliohudumu nao, na wote wakaona ahame. Nyumba ya kwanza ya Ashley Down ilifunguliwa 1849. Mtu aliyejulikana dunia nzima kwa imani aliuliza watu wanane. Katika Uamsho wa Afrika Mashariki nako walokole walizoea kuleta mipango yao nuruni mbele ya ushirika. Tafuta watu watatu au wanne wanaokujua, wasio na faida yoyote katika uamuzi wako. Kiongozi anayekungojea ufanye kazi kwenye huduma yake asihesabiwe kati yao, hata kama ni mtu mwema.

Usiamue ukitoka mkesha, wala siku ya tatu ya kufunga, wala wiki uliyogombana na bosi. Kama una kisukari, vidonda vya tumbo au ujauzito, usifunge bila daktari, omba ukiwa umekula.

Halafu madeni. Zaburi 37:21 inamtaja asiye haki kuwa ndiye akopaye asilipe. Una mkopo wa SACCOS? Ukiacha kazi bila mpango, wadhamini wako ndio watakatwa mishahara. Bima ya afya ya watoto inaisha lini? Mwenzi wako amekubali, au amenyamaza tu? Tanzania Bara, kama unalipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28 baada ya mwezi wa kwanza wa ajira, na Kenya pia ni siku 28. Mungu akikutoa kazini hakutoi kwa kumwachia mwajiri na wadhamini mzigo wako.

Na weka tarehe. Kupima kuna mwisho, kukwepa hakuna. Mwambie kiongozi wako hivi, kwa heshima: "Mchungaji, neno nimelipokea, nalipima kwa maombi na ndugu mpaka tarehe fulani, kisha nitakuja kukuambia." Akikasirikia sentensi hiyo, andika hilo nalo kwenye daftari.

Tarehe ikifika na neno limethibitika, timiza lote, usibaki na kondoo walionona. Isipothibitika, rudi kwa mchungaji umwambie hivyo, kama ulivyoahidi. Baki kazini, na yale yasiyohitaji unabii uyafanye wiki hii hii: lipa uliyemdhulumu, patana na ndugu yako, acha uasherati. Hayo 1 Wathesalonike 4:3 na Mathayo 5:23-24 zimekwisha kuyasema, na huhitaji siku kumi kuyaombea.