Ukianza kazi, uliza kwanza ufunguo uko wapi

Mdogo wangu unayeanza kazi ya TEHAMA kwenye ofisi za utalii hapa Arusha, mzigo mzito utakaokabidhiwa si seva wala ruta. Ni folda ya nakala za pasipoti. Wageni wa Serengeti na wapanda Kilimanjaro huzituma miezi kadhaa kabla ya safari, pamoja na tarehe za ndege, namba za ndugu zao, hata maradhi waliyo nayo.

Msimu mmoja wa Julai, laptopu ya ofisi niliyokuwa nafanyia kazi kule Njiro iliibwa ndani ya gari. Diski ilikuwa wazi. Siku mbili nzima tuliwaandikia wageni kuwaomba radhi, na mama mmoja akauliza tu: kwa nini hamkuifunga? Sikuwa na la kumjibu. Basi tukafunga kila mashine kwa enkripsheni, yaani kusimba data zisisomeke bila ufunguo. Miezi sita baadaye mwenzetu aliyeifanya kazi ile aliacha kazi, mashine moja ikadai ufunguo wa akiba, ile namba ndefu ya kuifungulia diski nywila ikigoma, na hakuna aliyekuwa nao. Oda za wageni za msimu mzima zikapotea mbele ya macho yetu. Tangu hapo, ofisi yoyote ninayoingia, ufunguo wa akiba unaandikwa kwenye karatasi, unatiwa kwenye bahasha mbili, moja kwa mkurugenzi, moja kwenye sefu. Usiuhifadhi ndani ya laptopu ileile inayofungwa nao!

Sheria nayo uijue mapema. Wengi huogopa kwamba kusimba data kutawaletea matatizo na Serikali. Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azilinde taarifa hizo. Kwangu mimi, kufunga diski ndiyo hatua ya kwanza ya kuitii. Ukitaka kuuza huduma ya usimbaji kwa wengine, hilo ni jambo jingine: soma kwanza Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, inayowagusa watoa huduma hizo.

VPN, ile njia ya siri ya kupitisha data mtandaoni, ndiyo inayowachanganya watu. Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitangaza kwamba wanaoitumia, watu binafsi na kampuni, watoe taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni), kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Wenzetu walioko kambini huko Serengeti huingia kwenye mfumo wa ofisi kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo muulize bosi wiki ya kwanza: yetu imeandikishwa? Kama haijaandikishwa, msukume.

Kuna watakaokuambia Serikali ingebaki na ufunguo wake wa kila simu, mambo yangekwisha. Marekani walilijaribu mwaka 1993 kwa chipu ya kusimba mazungumzo ya simu iliyoitwa Clipper, nakala ya ufunguo wake ikigawanywa kati ya ofisi mbili za serikali. Mwaka uliofuata mtafiti Matt Blaze akaonyesha jinsi mtumiaji anavyoweza kuikwepa nakala hiyo na bado akawasiliana kwa siri. Yaani raia mwema ameacha ufunguo wake, mjanja amepita pembeni. Mpango ukafa. Mimi naamini ufunguo ukae kwa mwenye data, na anayeutaka aje kwa utaratibu, kwa sababu Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda mawasiliano binafsi ya mtu.

Na wanaweza kuja kweli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa polisi nafasi ya kupekua kompyuta na kudai data. Siku hiyo usikimbilie kufuta chochote, maana kuharibu data ili kukwamisha uchunguzi ni kosa. Salimia, omba amri ya maandishi, mpigie mkurugenzi, naye ampigie wakili. Yeye ndiye atakayeifungua bahasha, mbele ya wakili, na wewe uandike saa na majina ya waliokuwepo.