Maswali ya Sheria: Je, Miaka 42 Inayotajwa Ndiyo Atakayofungwa?

SWALI: Ndugu Mshauri, mpwa wangu anaishi Texas, Marekani, akiwa na kibali cha ukaazi wa kudumu. Amefunguliwa mashtaka matatu katika mahakama ya shirikisho: mawili ya ulaghai kwa njia ya mawasiliano ya elektroniki, na moja la kutumia utambulisho wa mtu mwingine katika kutenda ulaghai huo. Inadaiwa kuwa waathiriwa walipoteza dola 80,000 hivi. Taarifa ya waendesha mashtaka inasema anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 42, ingawa hajawahi kupatikana na hatia ya kosa lolote. Je, kweli anaweza kufungwa miaka yote hiyo? Na kwa nini kesi yake haikupelekwa katika mahakama ya jimbo? *(Jina limehifadhiwa)*

JIBU: Hesabu hiyo si ya uongo, lakini haikuelezi adhabu ambayo mpwa wako anaweza kuitarajia. Walioandika taarifa wamejumlisha kikomo cha juu cha kila shtaka, yaani miaka 20 kwa kila shtaka la ulaghai wa mawasiliano na miaka miwili kwa shtaka la utambulisho. Ifahamike pia kwamba kila barua pepe, simu au muamala wa fedha uliotumika katika ulaghai mmoja unaweza kuandikiwa shtaka lake, hivyo wingi wa mashtaka hutegemea sana uamuzi wa mwendesha mashtaka. Jumla za namna hii huandikwa kwa ajili ya vyombo vya habari, na kwa maoni yangu huwatisha ndugu wa mshtakiwa zaidi ya kuwafahamisha.

Kuhusu mahakama, makosa mengi ya jinai nchini Marekani hushughulikiwa na majimbo, kwa kuwa Katiba imeipa serikali ya shirikisho mamlaka yenye mipaka. Mawasiliano au fedha zinapovuka mpaka wa jimbo, mamlaka hayo hupatikana, na ndiyo maana ulaghai wa mtandaoni huishia mara nyingi katika mojawapo ya wilaya 94 za mahakama za shirikisho, ambazo nne ziko Texas. Kwa kosa zito la shirikisho, Marekebisho ya Tano ya Katiba yanataka hati ya mashtaka iidhinishwe na jopo kuu la raia, lenye watu 16 hadi 23, na wasiopungua 12 kati yao wakubali. Jopo hilo husikiliza upande wa serikali, wala wakili wa mtuhumiwa haingii humo. Kuidhinishwa kwa hati hakumaanishi kwamba mpwa wako ana hatia.

Sasa tuje kwenye adhabu yenyewe. Kikomo cha juu ni ukuta ambao jaji haruhusiwi kuuvuka, na ni watu wachache wanaoufikia. Kinachoongoza hesabu halisi ni mwongozo wa utoaji adhabu uliotokana na sheria ya mwaka 1984. Mwongozo huo una jedwali lenye ngazi 43 za uzito wa kosa upande mmoja, na makundi sita ya rekodi ya makosa ya nyuma upande mwingine. Zinapokutana, hupatikana idadi ya miezi ya chini na ya juu. Katika ulaghai, jambo linalopandisha ngazi kwa haraka ni kiasi cha hasara, na kwa sababu hiyo mawakili hubishana juu ya dola hizo kwa ukali kuliko wanavyobishana juu ya jambo lingine lolote. Kukiri kosa mapema hushusha ngazi. Kwa mtu asiye na rekodi, na kwa hasara ya kiasi ulichokitaja, mwongozo kwa kawaida hauelekezi kwenye miongo ya miaka. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Booker mwaka 2005, jaji analazimika kuuzingatia mwongozo huo lakini halazimiki kuufuata, hivyo anaweza kushuka chini yake au kupanda juu yake akitoa sababu. Anaweza pia kuamuru vifungo vya mashtaka mawili ya ulaghai vitumikiwe kwa wakati mmoja.

Shtaka ambalo ningelitazama kwa makini zaidi ni lile dogo la tatu. Miaka yake miwili ni ya lazima, na ni lazima iongezwe juu ya kifungo cha ulaghai badala ya kutumikiwa pamoja nacho, na jaji mwenye huruma hana njia ya kawaida ya kuikwepa. Hata hivyo, mwaka 2023, katika kesi ya Dubin, Mahakama ya Juu iliamua kwamba shtaka hili halisimami kwa sababu tu jina la mtu mwingine limetokea mahali fulani katika ulaghai. Matumizi ya utambulisho huo lazima yawe ndiyo kiini cha kosa. Mpwa wako amuulize wakili wake kuhusu uamuzi huo. Shtaka hilo hilo pia hutumika sana katika majadiliano, kwani serikali inaweza kukubali kuliondoa endapo mshtakiwa atakiri mengine. Zaidi ya asilimia 90 ya wanaotiwa hatiani katika mahakama za shirikisho hufikia hapo kwa kukiri, si kwa kusikilizwa kwa kesi.

Kifungo kitakachotolewa kitatumikiwa karibu chote. Utaratibu wa parole, yaani mfungwa kuachiwa mapema kwa masharti, ulifutwa kwa makosa ya shirikisho yaliyotendwa kuanzia Novemba 1, 1987, na punguzo la mwenendo mwema halizidi siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo. Baada ya hapo huweza kufuata uangalizi wa hadi miaka mitatu kwa ulaghai wa aina hii, na akikiuka masharti anaweza kurudishwa ndani. Faini yaweza kufika dola 250,000 kwa kila kosa zito, au mara mbili ya hasara, ila kwa mtu wa kipato cha kawaida mzigo mkubwa huwa ni kuwalipa waathiriwa fidia, ambayo katika makosa ya ulaghai ni ya lazima.

Hukuuliza kuhusu ukaazi wake, lakini hilo linaweza kumgharimu kuliko gereza. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inauhesabu ulaghai uliosababisha hasara ya zaidi ya dola 10,000 kuwa kosa zito la kumrejesha mtu kwao, hata akiwa na ukaazi wa kudumu na hata akipewa kifungo kifupi. Tangu kesi ya Padilla mwaka 2010, wakili wa jinai anawajibika kumweleza mteja wake athari hiyo kabla hajakiri. Kiasi cha hasara kitakachoandikwa katika makubaliano ya kukiri kisipuuzwe, wala asitie saini kabla wakili wa uhamiaji hajayasoma.

Ikiwa yuko mahabusu, msizungumzie kesi katika simu. Simu hizo hurekodiwa, na waendesha mashtaka huzisikiliza.

SWALI: Rafiki yangu alishatumikia kifungo cha jimbo kwa kukutwa na bastola wakati sheria ilimkataza kuwa nayo. Sasa serikali ya shirikisho inamshtaki kwa bastola ileile. Je, Katiba haikatazi mtu kushtakiwa mara mbili? *(Msomaji, California)*

JIBU: Inakataza, lakini kwa serikali moja. Jimbo na shirikisho huhesabiwa kuwa mamlaka mbili zenye sheria zao, na tendo moja laweza kuzivunja zote mbili. Mahakama ya Juu iliurudia msimamo huo mwaka 2019 katika kesi ya Gamble, iliyohusu bastola vilevile, kwa kura saba dhidi ya mbili. Wizara ya Sheria ina sera ya ndani inayowazuia waendesha mashtaka wake kurudia kesi iliyokwisha katika jimbo pasipo maslahi makubwa ya shirikisho na idhini ya wakuu wao, ila sera hiyo haimpi mshtakiwa haki ya kuidai mahakamani. Wakili wake bado anaweza kumwomba jaji auzingatie muda aliokwisha kuutumikia gerezani.