Kabla Hujaifungua iPod Yako ya Zamani, Nisikilize Kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja, msomaji wa Mombasa, aliniandikia akiuliza kama ipo haja ya kuhangaika na iPod yake, kile chombo cha kusikilizia muziki cha Apple, ya kizazi cha 5, ile iliyotoka Oktoba 2005, baada ya fundi kumwambia aitupe. Ujumbe ule niliusoma mara tatu, kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa mimi, tena mbele ya wateja wengine, na fundi aliyekaa na iPod yangu wiki mbili, akaniomba pesa ya kuangalia, kisha akanirudishia ikiwa na michubuko ukingoni mahali alipojaribu kuipenyezea kisu. Dada yangu, usiitupe.

iPod yangu aliniletea mjomba kutoka Uingereza mwaka 2006, toleo jembamba la GB 30 la kizazi hicho hicho, na ndani yake zilikuwamo taarab za marehemu mama ambazo binamu yangu alizihamisha kutoka kwenye kanda kwa kompyuta ambayo baadaye iliibwa. Nakala nyingine haikuwepo. Siku iPod ilipoanza kulia tik, tik, tik, kisha kimya, nilielewa kuwa diski inakata roho. Chombo kile kina diski ya kuzunguka yenye upana wa inchi 1.8, na diski inayozunguka ndani ya mfuko wa suruali kwa miaka mingi haiwezi kudumu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na mimi nilikaribia kukosea: tunakimbilia bisibisi kabla ya kuokoa kilichomo. Shikilia kitufe cha Menu pamoja na kile cha katikati mpaka nembo ya tufaha itokee, kisha haraka shikilia cha katikati pamoja na cha kuchezea, na iPod itaonekana kwenye kompyuta kama diski ya kawaida. Nyimbo zimo kwenye folda iliyofichwa inayoitwa iPod_Control, na majina ya mafaili ni herufi nne nne zisizo na maana, lakini usitishike, kwani jina la wimbo na la mwimbaji kwa kawaida yamehifadhiwa ndani ya faili lenyewe. Mimi nilikesha siku tatu nikinakili kidogo kidogo, diski ikichoka naizima, ikipoa naiwasha tena. Nyimbo 11 zilikataa kabisa, na mojawapo ni ile ambayo mama alikuwa akiiimba akipika. Kwa hiyo nakili kwanza.

Kuifungua kwenyewe hakuhitaji nguvu. Pembeni hakuna skrubu hata moja. Uso wa plastiki umebanwa tu kwenye mgongo wa chuma kwa vishikizo vya ndani, na kinachotakiwa ni kipande chembamba cha plastiki ngumu, kama kile cha kupigia gitaa, ukitembeze taratibu kwenye mstari wa maungio mpaka usikie vishikizo vikiachia kimoja kimoja. Funga kwanza kitufe cha kuteleza kilichoandikwa Hold. Sehemu mbili zikiachana usizivute, maana zimeunganishwa kwa tepe mbili za nyaya, moja ya betri na nyingine ya tundu la spika za masikioni, na ya betri imebanwa na kilango cha rangi ya kahawia kisichozidi upana wa ukucha wa mtoto. Kilango hicho hunyanyuliwa milimita mbili tu. Ukikivunja, umeharibu ubao mzima kwa ajili ya betri ya bei ndogo, na hakuna wa kumlaumu isipokuwa haraka zako.

Mahali pa diski niliweka adapta inayopokea kadi ya kumbukumbu, na kwa kuwa kadi ni nyembamba kuliko diski, hata betri yenye uwezo mkubwa zaidi ilipata nafasi. Lakini kadi ya kwanza niliyoinunua ilikuwa feki. Juu imeandikwa GB 128, ndani haikufika hata robo yake, na nyimbo zilizozidi zilikuwa zinaonekana kwenye orodha bila kutoa sauti. Siku hizi kadi mpya naijaza mafaili mpaka mwisho kwenye kompyuta, nayasoma tena yote, ndipo naiamini. Jambo jingine: toleo la GB 30 lina MB 32 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilhali la GB 60 lina MB 64, kwa hiyo ukilishindilia makumi ya maelfu ya nyimbo litakwama. Tamaa nyingine hazina maana. Nani anasikiliza nyimbo elfu hamsini?

Nilipomaliza kuunganisha nikabonyeza vitufe, kioo kikabaki cheusi. Nilikaa sakafuni nusu saa nzima nikiamini kwamba nimeiua kwa mikono yangu na kwamba yule fundi alikuwa na haki, mpaka nikakumbuka kuwa Hold bado imefungwa. Nikaifungua, tufaha likatokea, nikarejesha mfumo kwa iTunes, programu ya Apple ya kwenye kompyuta, na usiku ule ule kinanda na fidla vikasikika chumbani bila ile tik, tik.

Wewe dada umeniambia kuwa uso wa iPod yako umeanza kuinuka upande mmoja. Hiyo ni betri iliyovimba, na haingoji. Usiichaji tena, usiibonyeze irudi, na wakati wa kuibandua kwenye gundi usitumie chuma, kwa sababu betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kushika moto mkononi mwako. Ikitoka, iweke mbali na vitu vinavyoungua, wala usiitupe kwenye takataka za jikoni. Nimesema nakili kwanza, ila kuiunganisha na kompyuta pia ni kuichaji, kwa hiyo wewe toa betri leo na diski utaishughulikia ukishapata betri mpya.

Mgongo mpya wa chuma nilishaununua, unang'aa, uko kabatini, lakini sijaufunga. Michubuko ya kile kisu nimeiacha ilipo, nikimkuta yule fundi dukani kwake nimwonyeshe huku wimbo unapiga.