Jibu kwa mama wa Goma anayeuliza ampeleke wapi mume wake asiyelala

Mama, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Unasema tangu vita iingie mjini mwezi wa kwanza 2025 mume wako halali, anakaa karibu na mlango hadi alfajiri, amekonda, na wiki hii amesema "heri nilale nisiamke tena". Wakwe wanataka apelekwe chumba cha maombi akafunge chakula siku kadhaa, nawe unauliza kama kuna mahali pengine hapa Goma. Mahali papo, nitakutajia. Lakini naanza na hilo neno lake, kwa sababu halingoji wiki ijayo.

Leo, watoto wakishalala, muulize waziwazi: "Baba, unafikiria kujiua?" Najua ni neno zito kulitamka kwa mume wako. Wengi kwetu wanaogopa kwamba ukilitaja utakuwa umempa wazo. Shirika la Afya Duniani linafundisha kinyume: kuuliza hakumsukumi mtu, mara nyingi kunamtua mzigo. Akisema ndiyo, au akinyamaza akiangalia chini, usiku huo asiachwe peke yake hata kidogo. Dawa zote za nyumbani, sumu ya panya na dawa za shamba zitoke, zikalale kwa jirani. Mwite mtu mmoja anayemheshimu, kaka yake au rafiki wa kazini mwenye kutunza siri, mkeshe naye kwa zamu. Kukipambazuka mnakwenda kwa daktari pamoja. Na kama amekwisha kujidhuru au amemeza kitu, hamngoji asubuhi. Hospitali iliyo karibu, saa ileile.

Nakuambia haya kwa sababu nami nimepita humo. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, na tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Tulikimbilia Sake na watoto. Tuliporudi, moyo ukaanza kunidunda bila sababu, mikono inakufa ganzi, kifua kinabana hadi nasema leo nakufa. Nikatibiwa malaria, kisha tifoidi, kisha vidonda vya tumbo, kama ilivyo desturi hapa kwetu. Nikapimwa moyo kwa mashine, ukaonekana mzima. Ni mwuguzi mmoja, mama mtu mzima, ndiye aliyeniuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Baba, unalala?" Akanishika mkono akanipeleka chumba cha nyuma, kwa APS.

Kwa wasiomjua, APS ni msaidizi wa kisaikolojia. Hana koti jeupe wala sindano. Chumba chake kilikuwa cha mbao, benchi moja, pazia mahali pa mlango. Nilidhani ataanza kunichimba maisha yangu yote. Akaniuliza tu ni saa gani ya siku iliyo mbaya kuliko zote. Nikamwambia saa kumi na mbili jioni, giza linapoingia na pikipiki zinaanza kupungua barabarani. Akachana karatasi ya kaye, yaani daftari, akaandika juu: saa kumi na mbili, nani yuko na wewe? Tukajaza pamoja. Mtoto mkubwa afanyie masomo yake meza moja nami. Jirani apite tucheze dama. Habari za vita kwenye telefone ziishe kabla ya chakula cha jioni. Kisha akanifundisha kupumua: hewa iingie puani polepole, itoke mdomoni polepole zaidi, nyayo zote mbili chini hadi usikie ubaridi wa sakafu. Unaweza kuona ni mambo madogo. Usingizi wa usiku mzima ulichelewa sana kurudi, lakini jioni ileile nilikuwa na kitu cha kufanya saa kumi na mbili ilipofika. Risasi zilipolia mjini Januari 2025 hofu ile ilirudi yote, ila safari hiyo nilijua pa kwenda.

Sasa, pa kwenda. Anza na kituo cha afya cha mtaa wenu. Ukifika, omba kumwona APS, au uulize nani pale anashughulikia mambo ya akili na msongo. Kama hawana mtu, tafuta relè wa mtaa wenu, wahudumu wa afya wale wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo. Wao ndio wanajua nyumba za kusikiliza ziko wapi, zile maison d'écoute. Katika Kivu zote mbili ziko ambazo zinasaidiwa na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa. Unaingia, unaongea, hakuna anayekuandika kwenye orodha ya vichaa.

Lakini kwa hali ya mume wako, kwa lile neno alilosema, mimi ningekwenda moja kwa moja Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili cha Mafrera wa Charité, watawa Wakatoliki. Najua watu watasema nini wakimwona getini. Waache waseme. Pale benchini atakaa karibu na mama aliyeleta mtoto wa kifafa, na mwanafunzi aliyeshindwa mitihani kwa mawazo. Mafrera haohao ndio wenye kituo cha SOSAME kule Bukavu na kituo cha Joseph Guislain kule Lubumbashi, nawaambia wanaosoma wakiwa huko. Uliza bei mlangoni kabla ya chochote, na uliza kama kuna shirika linalolipia wagonjwa wakati huo. Kuuliza si aibu. Nenda na ndugu mmoja wa kukaa na mgonjwa, maana wewe hutaweza kuwa pale na kwa watoto kwa wakati mmoja.

Akiandikiwa dawa ya huzuni kama fluoxetini, jua mapema kwamba haifanyi kazi usiku ule. Huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuona nafuu, na wengi huitupa katikati wakisema haifai. Vilevile asiiache ghafla akianza kupona, hadi daktari aseme. Usimnunulie vidonge vya usingizi mtaani, hasa Valium: mwili unaizoea, na kuiacha baadaye ni kazi. Pombe kama kasiksi na kanyanga ni hivyo hivyo. Zinampiga chini kwa muda wa saa mbili, halafu anaamka usiku wa manane na hofu kubwa zaidi.

Kuhusu wakwe, usigombane nao. Mimi ni mtu wa kanisa na maombi yalinibeba. Waambie: "Baba mkwe, tutaomba, na kesho asubuhi tunapita kwanza kwa daktari." Wengi hawakatai wakipewa vyote viwili. Lakini simama imara kwa mambo matatu: asifungwe kamba, asinyimwe chakula wakati amekonda hivyo, na asilale peke yake huko chumba cha maombi. Wakisema ni mikono ya watu, yaani amelogwa, usibishane juu ya mikono hiyo, wakumbushe tu alichokiona Januari. Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2019 kwamba penye vita karibu mtu mmoja kati ya watano ana shida fulani ya akili. Haiwezekani watu wote hao wawe wamelogwa.

Na anayesema kuongea hakutibu, atazame Kivu yenyewe. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika vijiji vyetu na wanawake waliobakwa. Waliokutana katika vikundi vya tiba ya mazungumzo, vikiongozwa na wasaidizi wa hapahapa, walionekana baada ya miezi sita: 9% tu ndio waliobaki na dalili za huzuni kali au wasiwasi mkubwa. Kwa waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja walikuwa 42%. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa madaktari kutoka Ulaya. Ni ma-APS.

Kwa mwingine anayesoma hapa kimya, mwanamke au mwanamume, aliyebakwa siku hizi: fika hospitali ndani ya saa 72, maana dawa ya kuzuia ukimwi ina muda wake. HEAL Africa hapa Goma, Panzi kule Bukavu. Mazungumzo yanaweza kufuata baadaye, hata miaka ikipita.

Nawe mama, hujasema unalala vipi. Unapomfikisha kwa APS, omba dakika zako mwenyewe, peke yako, yeye akiwa nje. Huwa wanakubali.

Andika hapa chini mtaa mnaokaa, mtaa tu bila majina, na usiku huu umepita namna gani. Nitakuambia kituo kipi cha karibu nilichokuta APS, na kama huna wa kukusindikiza, mke wangu yuko tayari kwenda nawe.